Banafsaji Chumbani Mwako

Mwanangu Thuraya,

Salamu zote ni zako, na juu ya salamu nakuongezea kununa, maana nimenuna tangu jana mchana na bado sijamaliza.

Nakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa. Jana kwenye chakula, uliposema utawaandikia chuo wakuruhusu uanze Septemba badala ya sasa, "mpaka Mama apone kifua," nilikuwa na maneno ya kukujibu, tena maneno ya haja. Nikafungua mdomo kikatoka kikohozi. Nikakohoa mpaka baba yako akanisogezea maji, na wewe ukaniangalia kwa yale macho yako ya nyuma ya kaunta ya dawa, kama mtu aliyekwishapata ushahidi wake. Basi kwa mdomo sikuwezi. Nikisema nakohoa, na nikikohoa unashinda. Karatasi haikohoi.

Tangu asubuhi umekwenda Sidab na baba yako kumuaga shangazi yako. Namjua shangazi yako. Hatawaachia mpaka mle, kisha mnywe kahawa, kisha awakumbushe kwamba hamjala. Kwa hivyo nina wakati wa kutosha. Ndege yako ni kesho, sanduku lako liko wazi sebuleni, nusu nguo nusu hewa, na ile barua ya kuomba kuchelewa hujaipeleka. Nimemuuliza baba yako, akasema umemwambia utaamua leo ukirudi.

Sikuandikii habari ya kula vizuri, wala kuvaa soksi, wala kuswali kwa wakati, wala kupiga simu. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamekufa ganzi. Nataka kukwambia habari ya hili ua lako, maana ndilo lililotufikisha hapa. Nikimaliza utajua kwa nini nimekasirika, na nimekasirika na nani.

Unajua nyumba yetu ilivyo na banafsaji. Bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, aliinywa Unguja, akaja akaendelea kuinywa Maskati, na katika umri wake wote hakuiona ikiwa hai. Hakuna aliyeiona katika sisi. Kwetu banafsaji ilikuwa kitu cha kwenye mfuko wa karatasi kutoka kwa attari, muuza dawa za mitishamba wa Matrah, maua makavu yaliyojikunja, rangi yake kama chai iliyomwagikia kitambaa, na ukiyanusa yananuka majani ya ng'ombe. Leo attari anakwambia yametoka Irani, kesho anakwambia Kashmiri, na wewe unachukua tu.

Mfuko ule ndio uliokuwa hospitali yetu. Mtu akikohoa, maua yanatiwa kwenye gilasi, yanamiminiwa maji ya moto, yanafunikwa, yanaachwa. Hayachemshwi, maana Bibi alikuwa akisema ukichemsha umepika mboga. Asali inakuja mwisho. Kichwa kikiuma, maua yalirowekwa kwenye mafuta ya lozi ukapakwa kwenye mapanja. Usingizi ukikukataa, mafuta hayo hayo, tone moja kila tundu la pua, na ukipiga makelele unatiwa na la pili. Mtoto akifunga choo anapewa sharubati yake. Na uvimbe, Bibi alisema, unabandikwa majani mabichi yaliyopondwa. Majani mabichi yenyewe hakupata kuyaona, lakini alisema kwa uhakika wa mtu aliyeyapanda mwenyewe.

Siku moja mfuko ulikuja umechanganyika na mizizi, na ami yangu Seif ndiye aliyeangukiwa na gilasi ile. Alitapika tangu adhuhuri, kila akidhani amemaliza anarudi tena msalani, na kikohozi chenyewe alikisahau. Ulipokuja kusoma ukanieleza kwamba mizizi ya banafsaji ni dawa ya kutapisha, tena ya zamani sana. Nikakwambia Ami Seif alilijua hilo kabla yako. Ulicheka sana, na tangu siku ile ulipata ruhusa ya kunitania. "Mama, hayo ni maji ya moto na asali, hilo ua limekaa humo kama mgeni tu." Mfamasia wangu huyo, niliyemlea kwa gilasi hizo hizo.

Halafu mwezi wa kumi, siku ile ile uliyojibiwa na chuo cha Uingereza kwamba umekubaliwa, ukaingia mlangoni na kichungu cha mmea mkononi.

"Mama, nimekuletea banafsaji hai. Uione kabla sijaondoka."

Umeinunua, ukasema, kwa mtu anayeuza mimea ya nchi za baridi, hapa hapa Mawaleh, karibu na lilipokuwa soko la mboga. Soko wamelihamisha, limau la maana siku hizi sijui nilitafute wapi, lakini mmea wa baridi unapatikana.

Nilikasirika tangu dakika ile, na sikukwambia. Nilisema mashaallah, nikakipokea. Moyoni nilisema, huyu anaondoka na ananiachia jani la kulea mahala pake.

Tena jani lenyewe! Nilitegemea kitu. Miaka yote ile ya kulinywa nikalijengea sura ya kifalme. Nikaona kitu kimelala chini, hakina shina la kujivunia, majani yanatoka ardhini moja kwa moja, kama majani ya tambuu yaliyodumaa. Ua hata moja hakuna. Ukaniambia litachanua baridi ikiingia, na kwamba mmea ukipapenda mahali hutoa vikonyo vikatambaa na kushika mizizi pembeni. Ukaniambia unataka kivuli, unyevunyevu na baridi. Nikakuangalia. Mwezi wa kumi, Maskati, unaniambia baridi.

Jikoni ulinyauka siku ile ile. Nikautia kwenye friji, kwenye droo ya mboga, usiku mmoja tu, na asubuhi baba yako akachuma majani akayatia kwenye saladi yake. Nilipompigia kelele akasema, "Mimi nimeona ni mchicha wa kigeni. Hauna ladha, kama unataka kujua." Ulisema majani yake yanalika, hakuna madhara. Mimi sikuwa na wasiwasi na baba yako, nilikuwa na wasiwasi na mmea.

Ndipo nikauhamishia chumbani kwako. Sababu nilizitoa mbele yenu wote: dirisha lako linaangalia kaskazini, halipigwi na jua, na AC yako ni mpya, inapuliza kweli kweli. Nikaishusha mpaka mwisho wa rimoti, nikakukataza kuigusa. Ulilala na koti la baba yako la kwendea mlimani Jabal Akhdar.

"Mama, n'nakufa baridi!"

"Zoea. Huko unakokwenda baridi haizimwi kwa rimoti."

Na kila Maghribi baada ya kuswali nikaja na kiti changu, nikakaa karibu na dirisha, nikauangalia mmea. Nikipapasa udongo, nikigeuza chungu, nikikata jani lililoingia manjano. Wewe ukisoma kitandani na koti lako. Nikakaa mpaka miguu ikawa haina habari na mimi. Haikuchukua muda nikaanza kukohoa.

Sasa tazama wazimu ulioingia katika nyumba hii. Nilipoanza kukohoa nikafanya nini? Nikatuma Matrah nikaletewa mfuko wa banafsaji kavu. Nakaa kwenye baridi kwa ajili ya ua hai, napata kikohozi, naja jikoni nakunywa ua lililokufa ili nipone, na nikipata nafuu kidogo narudi kwenye baridi kuliangalia lile hai. Baba yako alisimama mlangoni mwa jiko siku moja, akaniangalia ninavyofunika gilasi, akasema, "Wallahi, Zuwena, hilo ua linajiuzia dawa lenyewe." Nikataka kumjibu, nikakohoa.

Kwa daktari nilikwenda, unajua. Usichokijua ni alichosema, maana ulipouliza nilikwambia kasema nipumzike. Alisikiliza kifua, akapiga picha, akaiweka kwenye taa, hamna kitu. Akaniuliza AC naiweka ngapi. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, toka kwenye hicho chumba." Ndiyo dawa yote aliyoniandikia. Hicho ndicho kifua unachotaka kukivunjia safari.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshindwa kulala tangu jana.

Nilipokuwa mdogo kuliko wewe nilipata nafasi ya kusomea ualimu ng'ambo, Amman. Huyajui hayo kwa sababu sikukwambia, na sikukwambia kwa sababu sipendi jinsi ninavyoonekana ndani yake. Tulikuwa hatujakaa sana Maskati, Kiarabu chetu bado kilikuwa kikichekesha watu dukani, na mimi nikachaguliwa. Nguo zilikwishashonwa. Baridi ile ile Bibi yako akaanza kukohoa. Nikatangaza mbele ya watu wote, kwenye chakula, karibu kwa maneno yako yale yale, kwamba siendi mpaka Mama apone.

Bibi aliacha kula. "Nani kakwambia ukae?"

"Hakuna aliyenambia. Mwenyewe n'nataka."

"Mimi sitaki," akasema, akaendelea na wali wake.

Nilidhani anasema hivyo kwa adabu. Nilijiona binti wa kupigiwa mfano, majirani wakanisifu, na mimi nikazipokea zile sifa nikazikunja vizuri nikaziweka. Baridi ikaisha, Bibi akapona, akarudi jikoni kugombana na kila mtu. Amman akaenda binti mwengine. Mimi nikapata kazi ya kupiga taipu ofisini, kisha nikampata baba yako, na kwa hilo simlaumu mtu, baba yako ana dosari zake lakini simbadilishi. Ila kitu kimoja nilikifanya, na nilikifanya miaka.

Kila baridi ikija, Bibi akianza kukohoa, mimi ndiye niliyemtengenezea banafsaji yake. Naiweka mbele yake. Siipigishi mezani, hapana, mtu mwengine asingejua. Lakini naiweka kwa namna ile. Namuuliza, "Nikuongeze asali?" kwa sauti ambayo ndani yake kuna Amman nzima. Siku moja akaonja akasema ni chungu. Nikamwambia nimetia asali vijiko na vijiko. Akaniangalia, hakunikasirikia, akasema:

"Banafsaji si chungu, Zuwena. Uchungu unautia wewe."

Kisha akainywa yote. Aliinywa kila baridi mpaka mwisho wa umri wake, na aliishi sana. Hakuniomba nikae. Nilimpa kitu ambacho hakukitaka, kisha nikamdai shukurani kwa gilasi. Ningekwenda Amman angekohoa vile vile, angepona vile vile, na sisi wawili tungebaki na mazungumzo mengine.

Sasa unaelewa, mwanangu, jana nilichokisikia ulipofungua mdomo? Nilisikia gilasi inawekwa mezani. Nakujua. Wewe ni mtoto wangu, una moyo mzuri na kumbukumbu mbaya, yaani kumbukumbu isiyosahau kitu. Utabaki kwa mapenzi, hilo sina shaka nalo. Septemba watakwambia nafasi imejaa. Utasema haidhuru. Utarudi kwenye kaunta yako ya dawa, na siku moja, mimi mzee, utaniletea chai, na utaniuliza kama nataka asali. Mimi chai hiyo siitaki. Nimeitengeneza mwenyewe, najua ilivyo. Naogopa hiyo kuliko ninavyoogopa nyumba bila wewe, na nyumba bila wewe naiogopa sana, naomba hilo nalo ulijue.

Haya, turudi kwenye ua, maana leo limetokea jambo na huna habari.

Juzi baba yako alichoka. Kabla ya alfajiri aliingia chumbani kwako umelala umejifunika mpaka kichwa, akakitoa chungu bila ruhusa yangu, akakiweka barazani upande wa nyuma, chini ya kamba ya nguo. Ulidhani nimekihamisha mimi, na mimi nikawa najitayarishia ugomvi na baba yako. Leo mlipoondoka kwenda Sidab nikatoka nje kukirudisha. Nikakuta limechanua.

Ua moja tu, Thuraya. Dogo, limeinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni, zambarau iliyokoza, na kwa nyuma lina kijimkia kifupi. Nikapiga magoti, magoti haya unayoyajua, nikalinusa. Subhanallah! Utamu ule haukuwamo hata siku moja katika ile mifuko ya attari. Nikavuta tena, hamna kitu. Nikavuta na kuvuta, hamna. Nikasema tayari, kikohozi kimekula na pua.

Ndipo nikakumbuka ulivyonieleza siku ulipolileta, na mimi nilikuwa nimenuna sisikilizi vizuri, kwamba harufu ya ua hili inaifisha pua ganzi kidogo, na ukiling'ang'ania hulipati. Lazima uondoke, ukae mbali, kisha urudi. Nikaingia ndani nikaosha vyombo. Nikatoka, nikainama, ikaja harufu ile ile, mpya kabisa. Nikaingia nikakunja nguo. Nikatoka tena. Nimefanya hivyo asubuhi nzima, mpaka Rehema, yule dada wa kutoka Tanga anayefanya kazi nyumba ya jirani, akaniita kutoka juu ya ukuta.

"Mama Thuraya, umedondosha kitu? Nije nikusaidie kutafuta?"

Nikamwambia nimekipata.

Na usije ukaniambia kwamba ua ni wewe na pua ni mimi, nakujua kwa kutia maneno. Ua ni ua. Wewe ukiondoka hutanukia, utasahau kupiga simu na utapungua mwili. Lakini nikiwa pale chini nimepiga magoti nilielewa jambo jengine, na hilo ndilo nililokaa kukuandikia, nimelizunguka kurasa zote hizi kama mtu anayezunguka nyumba asiyotaka kuipigia hodi.

Ua lilichanua nje. Bila AC, bila kiti changu, bila mimi kupapasa udongo. Maskati nzima watu wamezima AC tangu mwezi wa kumi na mbili, na baba yako alinambia wakati ule ule, "Nje kuna baridi nzuri, toa hicho chungu barazani, mtoto alale kama watu." Nilimsikia. Nikajifanya sijasikia, nikaingia na kiti changu.

Thuraya, sikuwa nakuja kuliangalia ua.

Nilikuwa nakuja kukuangalia wewe. Unavyosoma na kutafuna ncha ya kalamu. Unavyojifunika koti la baba yako mpaka puani. Unavyolala na kitabu kifuani mdomo wazi, na mimi nakiondoa kitabu, na kesho unadhani umekiondoa mwenyewe. Mtoto mtu mzima huwezi kumwendea kila jioni ukavuta kiti ukamkodolea macho, atakuuliza una nini. Nikapata sababu, na sababu yenyewe ilitaka baridi, nikakaa kwenye baridi. Kikohozi hiki nimekiokota pale. Niliyemkasirikia tangu jana si wewe, wala si ua.

Kwa hivyo piga hesabu zako za kifamasia. Ukibaki, jioni nitaingia na kiti changu. Najijua, nitapata sababu nyengine. Ukibaki kwa ajili ya kifua changu, ndipo kitakapozidi.

AC ya chumbani kwako nimeizima. Rimoti nimeitia katikati ya nguo zako, chini kabisa ya sanduku, ukaione utakapofungua huko, hapa sina kazi nayo tena. Mfuko wa banafsaji sikukufungia, huko utaikuta imeota yenyewe chini ya vichaka, utaipita na kuikanyaga bila kujua. Chungu kitakaa barazani mpaka jua litakaporudi na ukali wake, na baada ya hapo atakalo Mungu.

Ukirudi kutoka Sidab usiniulize naendeleaje. Chana ile barua na ufunge sanduku. Kesho usiku chumba chako hakitakuwa na mtu wa kuangaliwa, na mimi nitakaa sebuleni kwenye joto na baba yako, tukigombana.

Nenda, mwanangu, nipone.

Mama yako